Jina la O'Brien: Kutoka Kiti cha Enzi hadi Daftari la Parokia

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wapenzi wa historia na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie asili ya jina moja la ukoo kutoka Ireland, nami nimelichagua jina la O'Brien, ambalo kwa Kiairishi huandikwa Ó Briain, kwa sababu ni miongoni mwa majina machache ya Ulaya ambayo mtu aliyeyaanzisha anajulikana kwa hakika, pamoja na siku aliyokufa na mji alikozikwa. Mtu huyo ni Brian, aliyepewa lakabu ya Bóruma, au Boru, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf, kando ya Dublin, siku ya Ijumaa Kuu tarehe 23 Aprili 1014, na maiti yake ikachukuliwa hadi Armagh, kaskazini, ikazikwa huko kwa heshima kubwa. Watu wengi wenye jina hili, wawe Limerick, Boston au Sydney, huambiwa tangu utotoni kwamba wao ni uzao wa mfalme huyo. Mimi sikuja kuwapinga wote, lakini nitaeleza kwa nini nadhani jina hili lilianza kama dai la utawala, na kwamba habari ya damu ilifuata nyuma.

Kabla ya karne ya 10 Waairishi hawakuwa na majina ya ukoo ya kudumu. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, likiunganishwa na neno mac, yaani mwana wa, na pengine la babu, likiunganishwa na ua, ambalo baadaye lilifupishwa kuwa ó. Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa Ali bin Juma akizaa mtoto, mtoto huyo huitwa bin Ali, na Juma hupotea. Ilhali Mmazrui hubaki Mmazrui vizazi vyote. Ireland ilivuka kutoka mtindo wa kwanza kwenda wa pili mapema kuliko sehemu kubwa ya Ulaya. Tarikhi, yaani kumbukumbu za matukio ya mwaka kwa mwaka, zinataja kifo cha bwana mmoja wa Aidhne, katika eneo la Galway ya leo, aliyeitwa Ua Cléirigh, chini ya mwaka 916, na wataalamu wengi huhesabu hilo kuwa miongoni mwa majina ya ukoo ya kale kabisa yaliyoandikwa barani humo. Walioongoza katika mabadiliko hayo walikuwa watawala, na sababu yake iko katika sheria ya urithi. Chini ya sheria hiyo ufalme haukumwendea mtoto wa kwanza moja kwa moja. Uligombewa na wanaume wa ukoo wa karibu waliotokana na mfalme aliyepita, hivyo ilimfaa mgombea kutangaza kila siku, kwa jina lake mwenyewe, kwamba yumo katika kundi hilo.

Brian hakuzaliwa katika nyumba kubwa. Watu wake, Dál gCais, walikaa kando ya mto Shannon karibu na Killaloe, na baba yake, Cennétig, aliyefariki mwaka 951, alikuwa mtawala wa kiwango cha kawaida. Ndugu yake Mathgamain ndiye aliyeutwaa kwanza mji wa Cashel, makao ya wafalme wa Munster, yaani kusini mwa Ireland, na alipouawa mwaka 976 Brian akarithi vita vyake pamoja na kiti chake. Aliwapiga Wavikingi wa Limerick, akawashinda wapinzani wake wa Munster, kisha mwaka 997 akagawana Ireland na Máel Sechnaill, mfalme aliyeshika nusu ya kaskazini, na ilipofika mwaka 1002 mwenzake huyo akampisha. Mwaka 1005 alikwenda Armagh, akaweka dhahabu juu ya madhabahu, na mwandishi wake akaandika ndani ya Kitabu cha Armagh maneno ya Kilatini yanayomwita mfalme mkuu wa Waairishi wote, tena kwa cheo kile kile kilichotumiwa na watawala wa Roma. Maandishi hayo yapo hadi leo Dublin na yanasomeka vizuri. Kwa ukoo ambao miaka 50 iliyotangulia haukujulikana nje ya bonde lake, hiyo ilikuwa hatua ya ajabu, na ndiyo iliyolipa jina la Brian thamani ya kugombewa.

Kugombewa kwenyewe kulianza mara moja. Mwanawe mkubwa, Murchad, alikufa Clontarf siku moja naye. Kati ya waliobaki, Donnchad alipanga njama ndugu yake Tadc akauawa mwaka 1023, akatawala miaka mingi, lakini mwishowe alipinduliwa na mwana wa Tadc, akaenda kuhiji Roma na kufia huko mwaka 1064. Mpwa huyo aliyempindua, Toirdelbach, alikuwa mjukuu halisi wa Brian, kwa hiyo kumwita Ua Briain kulikuwa ni kusema ukweli wa kawaida wa nasaba. Mambo yalibadilika kwa mwanawe, Muirchertach, aliyefariki mwaka 1119, ambaye alikuwa kitukuu, na bado aliitwa Ua Briain. Hapo ndipo maelezo yalipogeuka kuwa jina. Muirchertach angeweza kujiita kwa jina la baba yake, ambaye naye alikuwa mfalme mwenye nguvu. Alichagua la babu wa baba yake, kwa sababu madai yote ya kutawala Ireland nzima yalikuwa yamefungwa katika jina hilo moja.

Huyu Muirchertach anastahili muda wetu kidogo. Mwaka 1101 alitoa mwamba wa Cashel, ngome ya kale ya wafalme wa Munster, akaukabidhi kwa Kanisa, na watu wakamsifu kwa uchaji wake. Lakini Cashel ilikuwa ngome ya wapinzani wake wa kale, jamaa ya Eóganacht, na kwa kuitoa wakfu alihakikisha kwamba hawataidai tena bila kugombana na maaskofu. Ni siasa ya hali ya juu. Tena Tarikhi za Inisfallen zinasema kwamba mwaka 1105 mfalme wa Uskoti alimpelekea ngamia, nazo zinamtaja kama mnyama wa ukubwa wa kustaajabisha. Hatusomi ngamia huyo alilishwa nini wala aliishi muda gani katika mvua ya Munster, ila kila ninapofika kwenye mstari huo huwaza ni wafanyabiashara wangapi walipokezana kamba yake tangu kusini mwa bahari ya Mediteranea hadi Killaloe.

Karne iliyofuata ilileta Wanormani kutoka Uingereza, kuanzia mwaka 1169. Domnall Mór Ua Briain alimtii mfalme Henry wa Pili mwaka 1171, kisha miaka mitatu baadaye akawapiga Wanormani hao hao karibu na Thurles, na huku akiendelea kujenga makanisa, likiwemo kanisa kuu la Mtakatifu Maria la Limerick. Wafalme wa zamani wa Ireland nzima wakapungua kuwa mabwana wa Thomond, eneo ambalo kwa sehemu kubwa ni kaunti ya Clare ya leo. Huko walishikilia. Tarehe 10 Mei 1318, mahali paitwapo Dysert O'Dea, jamaa hao na washirika wao walimuua Richard de Clare, na kwa zaidi ya karne mbili baada ya siku hiyo hakuna bwana wa Kiingereza aliyewaondoa. Viongozi wao walisimikwa Magh Adhair, kilima kidogo chenye mto pembeni, ambako hapo kale palikuwa na mti mtakatifu wa ukoo. Máel Sechnaill aliukata mwaka 982 ili kumwaibisha Brian, jambo linaloonyesha jinsi maadui walivyojua mahali pa kupiga.

Katika utaratibu huo wa Thomond aliyesimikwa aliacha kuitwa kwa jina lake la ubatizo. Aliitwa Ó Briain tu, bila nyongeza, na ndugu zake wote waliobaki walilazimika kutajwa kwa majina yao kamili ili watofautishwe naye. Jina la ukoo likawa ndilo cheo chenyewe, na serikali ya Kiingereza ililielewa jambo hilo vizuri.

Tayari mwaka 1465 Bunge la Dublin, chini ya Edward wa Nne, lilikuwa limeamuru Waairishi wanaoishi ndani ya eneo la Kiingereza, katika Dublin, Meath, Louth na Kildare, wavae na kunyoa kama Waingereza na wachukue majina ya Kiingereza: ya mji, kama Sutton au Trim, ya rangi, kama nyeupe, nyeusi au kahawia, ya kazi, kama mhunzi au seremala, au ya wadhifa, kama mpishi. Sheria hiyo haikuwafikia watu wa Thomond. Kilichowafikia ni mapatano ya mwaka 1543. Henry wa Nane alikuwa ametangazwa mfalme wa Ireland mwaka 1541, na mpango wake ulikuwa kwamba kila mkuu wa ukoo aisalimishe ardhi yake kwa mfalme, kisha arudishiwe kama milki kwa sheria ya Kiingereza, pamoja na cheo. Murchadh Ó Briain alisafiri hadi Greenwich, na tarehe 1 Julai 1543 akafanywa Earl wa Thomond na Baroni Inchiquin, vyeo vya kikabaila vya Kiingereza. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba aliache kabisa jina la O'Brien na kutumia lile atakalopewa na mfalme.

Sharti hilo lisitafsiriwe kwamba watoto wake walikatazwa kuitwa O'Brien. Hawakukatazwa, na vizazi vyake vyote viliendelea kuitwa hivyo. Kilichozimwa ni ule usimikwaji wa Magh Adhair, ambapo wanaume wa ukoo walichagua mmoja wao na kumpa jina. Mahali pake ukaja urithi wa baba kwa mwana, nao ulileta damu upesi. Cheo cha Earl kilipangwa kimwendee mpwa wa Murchadh, Donnchadh, na kupitia kwake watoto wake. Ndugu zake Donnchadh, ambao kwa desturi ya kale walikuwa na haki ya kugombea, hawakukubali, na mwaka 1553 Donnchadh akauawa. Ndugu yake Domhnall akasimikwa kwa njia ya zamani, akaitwa Ó Briain, akatawala hadi mwaka 1558 alipofukuzwa na jeshi la Kiingereza lililomrudisha mwana wa marehemu, mwenye hati mkononi. Kwa maoni yangu miaka hiyo mitano ndiyo mpaka halisi katika historia ya jina hili, kuliko hata Clontarf: upande mmoja jina hupewa mtu na ukoo wake, upande wa pili humfuata mtu kwa kuzaliwa tu, awe mkubwa au mchunga ng'ombe.

Karne ya 17 iliugawa ukoo huu vipande vitatu vilivyopigana. Murchadh, Baroni Inchiquin wa 6, aliyezaliwa mwaka 1614, alilelewa katika Uprotestanti, na mwaka 1647 majeshi yake yaliuvamia mwamba wa Cashel na kuwaua waliokimbilia kanisani, mahali pale pale ambapo Muirchertach, jamaa yake wa kale, alikuwa amepakabidhi kwa Mungu. Waairishi walimpachika jina la Murchadh wa Mioto, na wakalitumia kwa muda mrefu kuwatisha watoto.

Wakati huo huo, huko Leamaneh, katika mawe matupu ya Burren, aliishi Conor O'Brien na mkewe Máire Rua, yaani Mariamu Mwekundu, kwa sababu ya nywele zake. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mac Mathghamhna, ambao wenyewe walitokana na yule Muirchertach wa ngamia, ila kwa tawi lililochukua jina jingine. Mume na mke waliongeza jumba la ghorofa nne ubavuni mwa mnara wa kale, wakajenga na lango, na juu yake wakachonga mwaka 1643 pamoja na majina yao wote wawili, lake likiwa la ukoo wa baba yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya Waairishi: mwanamke hakuacha jina la kwao kwa kuolewa, na hata leo katika Kiairishi binti wa ukoo huu huandikwa Ní Bhriain, ilhali mke aliyeolewa na mwanamume wa ukoo huu akitaka kulitumia jina la mumewe huandikwa Uí Bhriain, kwa hiyo msomaji anajua papo hapo nani amezaliwa humo na nani amekuja. Conor alikufa kwa majeraha ya vita mwaka 1651, akipigana na majeshi ya Cromwell, kiongozi wa Kiingereza. Máire Rua akaolewa na John Cooper, ofisa wa jeshi hilo hilo lililomuua mumewe, na ardhi ikabaki mikononi mwa mwanawe Donough, ambaye mwaka 1686 alipewa na mfalme cheo cha kurithiwa. Masimulizi ya watu wa Clare yamemfanya Máire Rua kuwa jini la kike linalotupa watu dirishani. Mimi naona mjane aliyefanya hesabu na kupata jibu. Lango lake lilihamishwa baadaye hadi jumba la Dromoland, kwa wajukuu walionufaika na hesabu hiyo.

Tawi la tatu, la Viscount Clare, lilibaki Katoliki, likamfuata mfalme James wa Pili, na baada ya mkataba wa Limerick wa mwaka 1691 likahamia Ufaransa na kikosi chake. Charles O'Brien, wa 6 kushika cheo hicho, alipigana katika vita vya Fontenoy mwaka 1745 na kufanywa Marshali wa Ufaransa mwaka 1757. Alikufa mwaka 1761, na cheo hicho hakikudumu muda mrefu baada yake.

Hao ni wakubwa, ambao karatasi zao zimehifadhiwa. Wenye jina wengi zaidi walikuwa wapangaji na vibarua, na kwao karne ya 18 ilikuwa wakati wa kupoteza herufi. Chini ya sheria dhidi ya Wakatoliki, makarani waliandika majina kwa Kiingereza jinsi walivyoyasikia, na familia nyingi zikaona heri kuidondosha ile O ya mbele. Sullivan na Connor walidondosha kwa wingi sana. O'Brien ni miongoni mwa majina yaliyoishikilia, na sitashangaa kama sababu ilikuwa fahari ya Clontarf. Mwaka 1894 Robert Matheson, wa ofisi ya usajili wa vizazi, alichapisha ripoti iliyotegemea vizazi vya mwaka 1890. Murphy lilikuwa la kwanza kwa makadirio ya watu 62,600, na O'Brien la 6 kwa 33,400, likiwa ndilo la juu kabisa katika orodha hiyo lililoorodheshwa pamoja na O yake.

Watu 33,400 kutoka kwa mtu mmoja si jambo lisilowezekana, lakini si hivyo ilivyokuwa. Mabwana wenye nguvu walivuta majina ya wengine. Huko Westmeath, jamaa ya Ó Braoin, wasiohusiana na Thomond hata kidogo, walikuja kuandikwa O'Brien. Huko Kilkenny kuna Bryan wenye asili ya Kinormani ambao hutafutwa bure katika nasaba za Clare. Na wako pia ambao ni uzao wa nyumba ile ile ila hawana jina: Kennedy wanabeba jina la Cennétig, lililorudiwa mara kadhaa katika familia ya Brian. Katika miaka ya karibuni upimaji wa vinasaba umeonyesha alama iitwayo L226 ikijitokeza sana miongoni mwa wanaume wenye majina ya Dál gCais. Inasaidia, lakini alama hiyo ni ya jamii nzima ya bonde lile, si ya mfalme peke yake, na wapo kina O'Brien wengi wasiokuwa nayo.

Katika tawi la Dromoland alizaliwa mwaka 1803 William Smith O'Brien, mbunge, tajiri na Mprotestanti, ambaye katikati ya Njaa Kuu aliongoza maasi ya tarehe 29 Julai 1848 huko Ballingarry. Maasi hayo yaliishia kuizingira nyumba ya mjane mmoja ambamo polisi zaidi ya 40 walikuwa wamejifungia na watoto wake. Alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa uhamisho wa Tasmania, naye akaikataa huruma hiyo hata ikabidi Bunge litunge sheria mpya ya kumwezesha kupelekwa. Binti yake, Charlotte Grace, namthamini zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1880 alifungua nyumba ya kulala wahamiaji katika bandari ya Cobh, akaingia melini mwenyewe kukagua walivyolazwa wasichana maskini wanaokwenda Marekani, na kelele zake zikawalazimisha maofisa kufanya ukaguzi. Wengi wa wasichana aliowahudumia walitoka katika familia zilizopanga mashamba ya watu wa tabaka lake.

Nimalizie na swali ninaloulizwa zaidi: je, mtu wa leo mwenye jina hili anaweza kufuatilia nyuma mpaka wapi? Usajili wa vizazi, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza mwaka 1864. Sensa kamili za kale zaidi zilizobaki ni za 1901 na 1911, kwa sababu fomu za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, na nyingi za 1821 hadi 1851 ziliungua tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoipiga Ofisi ya Kumbukumbu ya Dublin. Mahali pa sensa hushikwa na tathmini ya ardhi ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, yenye jina la kila mpangaji na kitongoji chake, na madaftari ya parokia za Kikatoliki, ambayo Maktaba ya Taifa iliyaweka wazi kwenye intaneti mwaka 2015. Bila kujua kitongoji, mtafiti hupotea: Clare peke yake ina Patrick O'Brien wasiohesabika, na majirani wenyewe waliwatofautisha kwa kutaja baba na babu. Ni daftari kama hilo, ila la kanisa la Kiprotestanti, lililothibitisha asili ya Falmouth Kearney, babu wa mbali wa upande wa mama wa Barack Obama, aliyeondoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850. Habari hiyo ilimfikisha mwana wa Mkenya kijijini humo mwezi Mei 2011.

Kwa mpangaji wa kawaida wa Clare madaftari hayo hukoma kati ya mwisho wa karne ya 18 na miaka ya 1820. Kutoka hapo hadi Clontarf ni miaka 800 isiyo na karatasi, isipokuwa kwa wale wa Dromoland na Inchiquin, ambao nasaba yao imeandikwa bila kukatika. Muuzaji wa ngao zenye simba watatu katika maduka ya watalii hatakuambia hivyo, wala hatakuambia kwamba kinubi kiitwacho cha Brian Boru, katika Chuo cha Trinity, kilichongwa karne kadhaa baada ya Brian kufariki. Serikali ya Ireland nayo ilikuwa na utaratibu wa kuwatambua wakuu wa koo za kale, akiwemo Baroni Inchiquin kama mkuu wa kina O'Brien. Mwaka 1999 iligundulika kwamba mmoja wa waliotambuliwa, wa ukoo mwingine, alikuwa ameghushi nasaba yake, na mwaka 2003 utaratibu wote ukafutwa. Tangu hapo hakuna mamlaka ya dola inayosema nani ni Ó Briain, na ofisi ya usajili humwandika kwa jina hilo yeyote ambaye wazazi wake wamelileta.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.